Nyasi Mbichi Chini ya Mji

Nilichagua shamba kwa kuangalia nyasi. Nakiri mapema, ili msomaji asihangaike kunitafutia visingizio. Mimi mwenyewe nimevitafuta miaka mingi na sijapata hata kimoja kinachosimama.

Ilikuwa Februari, miaka michache baada ya uhuru, wakati ule ambapo ukikutana na mtu njiani habari ya kwanza ni shamba gani linauzwa na nani anakusanya wanachama. Sisi tulikuwa tumeshakusanyana na kununua shamba la mzungu aliyekuwa akifunga masanduku arudi kwao, na siku hiyo ilikuwa ya kugawana. Kofia ilizungushwa. Ndani yake mlikuwa na vikaratasi vyenye namba za ploti. Mkono wangu ukatoa ploti ya mlimani: mawe, vichaka vya miiba, na mti mmoja uliopinda kama mtu anayetafuta sindano. Nyuma yangu alisimama mama mmoja mjane, blanketi begani. Yeye akatoa ploti ya bondeni, kando ya Mto Sosiani.

Nikatazama bondeni. Wilaya yote ya Uasin Gishu ilikuwa imekauka, ng'ombe wanalamba vumbi, lakini kule chini, kando ya mto, nyasi zilikuwa mbichi. Si mbichi za kubahatisha. Zilikuwa nzito, za kijani kilichokolea, zimelala kwa kushiba.

"Mama," nikamwambia, "unaonaje tukibadilishana?"

"Sawa," akasema.

Hakuuliza kwa nini. Hakuomba nafasi ya kufikiri. Huyu alikuwa ameishi katika shamba lile siku zote za mzungu. Marehemu mume wake ndiye aliyekuwa akikamua ng'ombe wa mzungu. Alijua kila jiwe. Mtu mwenye akili, akiona mwenyeji anakubali upesi namna hiyo, angerudisha mkono wake mfukoni. Mimi nilikuwa na cheti cha Fomu Foo, ambacho nimekuja kujua si akili, ni kitu kingine kabisa.

"Lakini kijana yangu," akaongeza huku akifunga kikaratasi changu kwenye pindo la blanketi, "usikuje kuniambia umebadilisha roho."

"Mimi? Mama, mimi nimesoma jiografia."

"Haya. Wewe soma."

Sasa jiografia yenyewe ni hii. Shamba letu liko magharibi ya mji wa Eldoret, upande wa kuteremkia Turbo. Sosiani hutoka juu, misitu ya Kaptagat, hupita katikati ya mji, halafu huja kwangu. Mji ulikuwa unakua haraka miaka hiyo. Kila nyumba mpya ilikuwa na choo, bafu na karai. Kila gereji ilikuwa na mafuta ya kumwaga. Na kila walichomwaga kilikuwa na safari moja tu. Wakati wa kiangazi mto wa juu hubaki uzi mwembamba, na mji unaunywa huo uzi. Kinachonifikia mimi ni kile mji ulichokwisha kukitumia. Ndiyo maana nyasi zangu zilikuwa mbichi mwezi wa Februari. Zilikuwa zinakula kwenye meza ya mji.

Hayo niliyajua asubuhi ya kwanza niliyoamka katika nyumba yangu mpya na kufungua dirisha. Nikalifunga. Mke wangu akauliza kuna nini nje. Nikamwambia kuna upepo.

Ni lazima pia niseme kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walikuwa wakizunguka, leo mji mdogo wa Ziwa, sokoni, kesho Moi's Bridge kutazama mahindi ya watu. Mimi kwenda posho mill kusaga unga naiona ni safari. Napenda kiti changu, ukuta wa nyumba yangu nyuma ya mgongo wangu, na kikombe cha chai karibu na mkono. Kwa hiyo nilipopanga boma nilipanga kila kitu karibu. Zizi nililiweka mteremkoni ili nilione nikiwa nimekaa. Choo nilikichimba chini kidogo, hatua chache kutoka mtoni, mahali udongo ulipokuwa laini, kwa maana mimi si mtu wa kupigana na mwamba. Nikakaa kwenye kiti changu nikaona kazi imekwisha.

Nilikuwa na ng'ombe watatu wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi, na hao ndio waliokuwa maisha yetu. Maziwa yaliingia katika mikebe ya alumini, mikebe ikapelekwa barabarani kwenye jukwaa la mbao, na lori likaipitia na kuipeleka mjini, kwenye mapokezi ya kiwanda cha maziwa. Mwenye lori alikuwa Msomali mmoja mrefu, mcheshi, aliyebeba mahindi ya watu wa Chepsaita na maziwa yetu kwa pamoja. Asubuhi alichukua mikebe imejaa, na baada ya adhuhuri akairudisha mitupu.

Wiki ya tatu mkebe wangu ulirudi ukiwa si mtupu. Maziwa yalikuwa ndani vilevile, yameganda, na shingoni mwa mkebe kilining'inia kikaratasi chekundu.

"Wamekukatalia," akasema mwenye lori.

"Kwa nini?"

"Mimi nabeba tu, mwalimu. Muulize ng'ombe."

Aliniita mwalimu kwa sababu ya kalamu iliyokuwa daima mfukoni mwa shati langu. Sijawahi kufundisha hata kuku.

Basi nikajua la kufanya. Somo la afya nilikuwa nimelipasi vizuri: uchafu huondolewa kwa maji. Nikashika brashi. Nikateremka na mikebe mtoni nikaisugua ndani na nje mpaka ikang'aa, nikaisuuza mara mbili. Kikaratasi chekundu kikarudi. Nikaisuuza mara tatu. Kikarudi tena, na safari hii maziwa yalikuwa mabaya kuliko ya kwanza. Nikamkaripia mke wangu kwamba haoshi mikono. Mke wangu akaniambia nijikamulie mwenyewe. Nikakamua mwenyewe, nikasuuza mara nne. Kikaratasi chekundu.

Kilichoniuma zaidi ni mkebe wa mama wa mlimani. Mkebe wake ulikuwa mzee, umebonyea ubavuni kama umepigwa teke na punda. Aliusuuza kwa makopo mawili ya maji ya kijichemchemi kilichokuwa kikidondoka kwenye mawe yake, yale mawe niliyomwachia mimi, akaufunika juani, basi. Maziwa ya nyumbani aliyaweka kwenye kibuyu alichokisugua kwa mkaa wa mti, bila tone la maji. Na mkebe wake haukurudishwa hata siku moja. Tulipokutana barabarani, wangu ulikuwa unang'aa kama kioo na una kikaratasi, wake mweusi na hauna kitu.

"Unaosha sana," akaniambia.

"Usafi haujawahi kuharibu maziwa, Mama."

"Njoo uchote kwangu."

"Ati nichote maji kwa jirani, na mto mzima uko mlangoni kwangu?"

Akajitwika mkebe wake, akapanda mlimani.

Aliyenifungua macho ni mwenye lori. Siku moja alichelewa, saa ya kuswali ikamkuta kwangu. Akachukua birika lake, akateremka mtoni kutawadha. Mara nikamwona anapanda tena, birika linaning'inia, miguu mikavu.

"Mwalimu, maji yako hayafai."

"Hayafai vipi? Wewe unataka kunawa miguu tu!"

"Maji ya udhu mimi natazama mambo matatu. Rangi, harufu, ladha. Kama najisi imebadilisha hata moja, basi. Haya ya kwako rangi imeanguka, harufu imeanguka. Ladha sijajaribu, nina watoto wanaonitegemea." Akatazama mikebe yangu iliyopangwa kando ya maji, inameremeta juani. "Na wewe unaosha vyombo vya maziwa na haya?"

Nikaiokota mikebe mmoja mmoja, nikaipandisha mbali na maji.

Kumbe kila nilipokuwa nasuuza nilikuwa napanda uchafu kama mbegu. Niliposuuza mara nne nilikuwa napanda mara nne. Mji mzima ulikuwa ukiingia ndani ya mkebe wangu kwa mkono wangu mwenyewe, na maziwa yenye joto yakiufuata kuwa chakula chake.

Mtu mwingine hapo angepanda mlimani na ndoo, akaomba maji, mambo yakaisha. Mimi nilikasirika. Nadhani nilijikasirikia mwenyewe kwanza, lakini hasira hiyo haina pa kwenda, basi nikaigeuzia juu, kule mtoni, kwa walioumwaga mji wao katika mikebe yangu. Nilikuwa nimelipia shamba lenye mto. Mto ulikuwa kwenye ramani. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ufikapo kwangu unageuka kuwa kitu kingine.

Nikachukua daftari. Nikahamisha kiti, kazi kubwa hiyo, kutoka ukutani hadi mahali ninapouona mto. Nikapiga mistari: siku, mvua, rangi, harufu. Ladha niliiacha kwa sababu zile zile za mwenye lori. Na kila siku nikakaa nikaandika. Majirani waliopita walisema mtu yule ameanza kuandika barua kwa samaki. Waache waseme. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwangu iliyofaa mtu wa namna yangu: kukaa na kutazama.

Daftari lilinionyesha kwamba mji ulikuwa na njia mbili za kunitembelea. Ya kwanza ilikuwa ya kila siku: maji ya kijivu, povu kidogo asubuhi watu wakioga, harufu ya yai lililosahaulika. Hiyo ilikuja kama shemeji aliyehamia kwako. Hafanyi kelele, ila haondoki, na jua likizidi ndivyo anavyozidi kunuka, kwa sababu mto hauna maji ya kumzimua. Ya pili ilikuja na mvua. Nilikuwa nimengoja mvua kama mkombozi. Nilifikiri itaosha mto. Mvua ya kwanza ya Aprili ilipopiga mji, huku kwangu hata tone halijaanguka, maji yalifika meusi. Meusi, mazito, juu yake rangi za upinde wa mvua za mafuta ya gereji, na ndani yake mavi ya ng'ombe wa barabarani, majivu, ngozi za ndizi, nywele za mbuzi, povu jekundu la damu. Miezi yote ya kiangazi mji ulikuwa umeweka uchafu wake barabarani na mitaroni, na mvua ya saa moja iliuzoa wote kwa mpigo mmoja. Kambare walikuja juu, midomo wazi, wakivuta hewa ukingoni kama wazee wenye pumu. Mvua ya pili ilikuwa nafuu. Ya tatu nafuu zaidi. Ile ya kwanza ndiyo iliyobeba kila kitu.

Ndama wangu mmoja alikunywa maji ya siku ile. Aliharisha siku tatu, akafa. Hilo nalo niliandika, katika mstari wa mvua, kwa sababu sikuwa nimepiga mstari wa ndama.

Basi nikatoka nyumbani. Mke wangu aliita majirani waje waone. Mwenye lori alinipakia mapema, akanipitisha mji mzima, akanishusha juu kabisa, upande wa Kaptagat, ambako Sosiani bado haijaonana na mtu. Nikainua jiwe la mtoni. Chini yake palikuwa na wadudu wadogo wenye mikia mitatu, wanakimbia huku na huku, na kaa mmoja aliyenionyesha makoleo yake kwa ukali. Nikachota maji kwenye galoni. Hayakuwa na rangi wala harufu, na ladha nilijaribu.

Kisha nikarudi kwa miguu, nikiufuata mto, nikiinua mawe. Nilipoingia mjini kaa walikwisha. Nilipopita madaraja, wadudu wenye mikia walikwisha. Chini kidogo ya mji nikakuta mdomo wa mtaro mkubwa wa maji ya mvua, na ingawa jua lilikuwa linawaka na mvua haikuwa imenyesha siku ile, mtaro ulikuwa unatiririka. Nikaufuata kwa pua. Nyuma ya kichinjio kimoja cha watu binafsi nikaona bomba limechomekwa mtaroni, limefichwa kwa mabati. Lilipaswa kwenda kwenye mabwawa ya maji taka. Lilikuwa limepewa njia ya mkato. Na mabwawa yenyewe, nilipoyafikia, ukingo mmoja ulikuwa umebomoka na maji yalikuwa yanateremka mtoni kabla hayajakaa hata siku moja yakasafika. Nikainua jiwe pale. Chini yake mlikuwa na utelezi mweusi na minyoo myekundu, myembamba kama uzi, inachezacheza. Hakuna kingine.

Nilifika nyumbani jioni miguu imetoka malengelenge. Sijajivunia kitu kama malengelenge yale.

Nikaandika barua. Nikaipeleka katika ofisi moja ya mjini ambayo sitaitaja, kwa kuwa waliokuwamo wameshastaafu na wengine tunasali pamoja. Nikaandika ya pili. Baada ya ya pili alikuja afisa, viatu safi, akasimama mbali na ukingo.

"Mzee," akaniambia, nami nilikuwa sijafika miaka thelathini na tano, "wewe mtu ulisoma, utanielewa. Mto ni kitu kinatembea. Maji yakitembea yanajisafisha."

"Yanajisafisha wapi, bwana afisa?"

"Huko mbele."

"Mbele ya wapi? Mbele ya kwangu?"

"Huko mbele, mbele."

"Sasa mimi si ndiyo nakaa huku nyuma ya mbele?"

Akacheka kwa adabu. Akafungua faili. Akasema kuna mpango wa kupanua mabwawa siku za usoni, na bonde langu lingefaa sana, na kwa kuwa nalalamika hivi, kwa nini nisiuze mapema nikatafute mahali pazuri. Alitaja Ziwa. Alitaja Moi's Bridge, kwenye mahindi, udongo mzuri, hakuna mji juu.

Kama angeniambia niende mwezini ningeona karibu zaidi. Lakini haikuwa uvivu peke yake, naomba niaminiwe hapa. Baba yangu alikufa akilima ardhi iliyoandikwa jina la mtu mwingine. Mimi nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kukaa kwenye kiti changu juu ya udongo wangu. Sasa nihame kwa sababu mji umeshindwa kuzuia bomba moja?

"Bwana afisa," nikasema, "wanaonuka ni wao. Kwa nini nihame mimi?"

Alifunga faili.

Wiki hiyo hiyo ilikuja barua kutoka kiwandani. Mkebe wangu ukirudishwa tena, jina langu litafutwa katika orodha ya wauza maziwa. Mke wangu aliisoma mara moja akaiweka chini ya kikombe changu. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Bila orodha hakuna maziwa ya kuuza, bila maziwa wale ng'ombe hawana kazi, na bila ng'ombe afisa hangehitaji kurudi kunishawishi. Ningemfuata mwenyewe na kofia mkononi.

Nikapanda mlimani. Nilidhani mama atacheka, lakini alinisikiliza mpaka mwisho huku akisugua kibuyu chake.

"Unataka maji yangu?" akauliza.

"Hapana. Nataka mkono wako. Uje ukamue ng'ombe wangu, mmoja, mbele ya watu, ili asitokee mtu kusema mimi ni mchafu."

"Na kwa nini usichukue maji tu? Maziwa yatapita."

"Yatapita, Mama. Halafu mto utabaki vile ulivyo, na mimi nitakuwa nimekubali."

Alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe bila kujua kama ni mgonjwa au ni mkaidi. "Haya," akasema, "mimi nitakuja."

Siku ya Jumatano jioni nikasuuza mikebe miwili midogo inayofanana. Mmoja kwa maji ya galoni mpya ambayo mwenye lori aliniletea kutoka juu ya mji; nikaufunga uzi mweupe. Mwingine kwa maji ya mlangoni kwangu. Nikaufunga uzi mwekundu. Alfajiri mama akaja, akanawa kwa maji aliyokuja nayo mwenyewe, akakamua ng'ombe mmoja. Maziwa yakagawanywa kikombe kwa kikombe, kimoja huku, kimoja kule, mpaka mikebe ikajaa sawa. Mwenye lori akaipakia, nasi wawili tukapanda naye mbele. Mama alishika nyuzi zote mbili njia nzima kama mtu anayeongoza mbuzi. "Mimi simwamini mtu wa Fomu Foo na uzi," akasema.

Afisa nilikuwa nimemwalika kwa barua ya tatu. Alikuja, nadhani, kwa udadisi. Mpima maziwa wa kiwanda, mtu mkavu mwenye koti jeupe, alikubali kwa sababu alikuwa amechoshwa na uso wangu. Akachukua kichupa kimoja kutoka kila mkebe, akatia dawa yake ya buluu, akaweka vile vichupa viwili kwenye maji ya vuguvugu. Maziwa mazuri hubaki buluu. Yenye vijidudu hupoteza rangi.

Tukasimama. Nilikuwa na muda wa kufikiri mambo mengi, kwa mfano kwamba vyote viwili vikibadilika jina langu litafutwa mbele ya watu wanne. Kichupa cha uzi mwekundu kilianza kuwa waridi upande wa chini, kama mtu anayeona haya. Kikaendelea. Mpima alipotazama saa yake na kuvitoa, kimoja kilikuwa buluu kama shati la shule. Kingine kilikuwa kimekuwa cheupe.

"Labda ng'ombe..." akasema afisa.

"Ng'ombe ni mmoja," akasema mama.

"Labda mikono..."

Mama akainua mikono yake miwili, akaiweka mbele ya uso wa afisa, akaigeuza, akaigeuza tena. "Nusa," akamwambia.

Hakunusa. Aliomba kuona daftari langu. Nikamwonyesha mstari wa mvua, nikamwonyesha ukurasa wa bomba la kichinjio nilivyolichora, pamoja na mabati. Mpima akaandika matokeo yote mawili kwa wino na akaweka mhuri, na huo mhuri, naamini, ndio uliofanya kazi kuliko maneno yangu. Jina langu halikufutwa. Mpima alisema maziwa ya uzi mweupe atayapokea siku zote, na ya uzi mwekundu nisimletee tena hata kwa sayansi.

Kabla mwaka haujaisha bomba la kichinjio lilitolewa mtaroni na ukingo wa bwawa ukajengwa upya. Shemeji wa kila siku alipunguza kunuka. Kiangazi kilichofuata nyasi zangu zilikuwa na rangi ya kahawia kama za watu wengine, na sijawahi kufurahia nyasi kavu kama zile. Kaa hawajarudi. Na mvua ya kwanza bado ilikuja nyeusi, kwa maana hakuna aliyegusa barabara wala gereji. Mtaro wa mvua hauna bwawa, unamwaga tu. Kuuza sikuuza. Walikuja mara mbili tena na faili, nikawapa chai, nikawaonyesha mlango.

Mikebe nilianza kuiosha kwa maji ya chemchemi. Baada ya kushinda niliweza kuomba. Kabla ya hapo nisingeweza, ndivyo nilivyoumbwa.

Mvua iliponyesha mjini mwaka ule wa pili, mama alikuwa ameteremka kwangu kurudisha ungo. Nilimkalisha kwenye kiti changu, heshima ambayo sikumpa hata mchungaji, nikamwonyesha maji meusi yanavyopita. Nikamwambia barua ya nne tayari iko kichwani. Nitawaambia wachimbe bwawa la maji ya mvua. Nitawaambia kwamba mtu anayemwaga uchafu wake juu hana haki ya kulala usingizi, kwamba mto si mali ya aliye juu peke yake, kwamba nitaandika mpaka wino wa Eldoret uishe. Nilikuwa nimesimama, mkono nimeunyoosha, sauti imepanda. Nilijisikia vizuri sana.

Mama hakuwa anatazama mto. Alikuwa anatazama zizi langu, mkojo wa ng'ombe ukiteremka na maji ya mvua kwa mfereji ambao sikuwahi kuuona. Akafuata mfereji kwa macho mpaka kwenye choo changu, kilichosimama hatua chache kutoka mtoni, mlango wake ukielekea maji. Akaamka kwenye kiti, akajifunga blanketi.

"Barua utaandika kesho," akasema. "Leo shika jembe uhamishe hiyo choo yako. Wale wako huko chini pia wako na pua."